Irudi Kama Ilivyotoka Kiwandani

Karakana ya Dhamana
3 Machi

Kwa Mteja Wetu,

Salamu. Tumepokea plaizi ya kukunja, ile yenye kisu, msumeno, tupa na bisibisi mbili ndani ya mipini. Namba iliyogongwa kwenye mpini wake ni yako kwa mujibu wa kumbukumbu zetu. Kadi ya dhamana uliyoijaza ulipoinunua bado tunayo, na mwandiko wako unasomeka kuliko wa wateja wengi. Lakini aliyeituma si wewe. Ni mwanamume, ametoa anwani ya kiwanda cha nguo, na palipoulizwa uhusiano wake na mwenye mali ameandika: "Ni yangu."

Dhamana yetu ni ya maisha ya chombo, kwa hiyo tutaitengeneza bure, awe ameileta nani. Springi imekatika. Pini ya katikati imelika mpaka mataya yanacheza kama meno ya babu. Kibanio cha kuzuia bisibisi ndogo isijikunje hakishiki tena, na nadhani kimeshambana mtu vidole. Hayo yote ni ya kawaida kwa chombo kilichofanya kazi.

Kisicho cha kawaida ni hiyo bisibisi ndogo yenyewe. Kuna mtu ameupiga tupa ulimi wake. Ameupunguza unene mpaka nukta nane ya milimita, akakata ncha yake mshazari, kisha akaupasha moto na kuukunja kidogo kuelekea kushoto. Sasa, meza yetu hii ina sheria moja niliyoikuta hapa: ulimi uliovunjika tunaubadilisha bila kuuliza, ila ulimi uliopigwa tupa hatuugusi mpaka mwenye mali aseme. Mtu hasugui chuma kigumu namna ile kwa kukosa shughuli.

Simu iliyo kwenye kadi haipatikani, ndiyo maana nimeandika. Tafadhali nijulishe kama unamfahamu aliyeituma, na ulimi huo tuufanyeje.

Wako katika kazi,
Fundi wa Meza ya Dhamana


9 Machi

Kwako Fundi,

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikakaa nikaisoma tena.

Namba ya simu nilibadilisha miaka sita iliyopita, na aliyenifanya nibadilishe ndiye huyo aliyekutumia plaizi. Unauliza kama namfahamu! Namfahamu tangu kisigino mpaka utosi. Alikuwa mume wangu. Alitoka hapa asubuhi moja akisema anakwenda kununua uzi, na huo uzi mpaka leo unanunuliwa.

Ulimi ule niliupiga mimi, kwa mkono wangu huu wa kushoto, ndiyo maana umekunjwa kushoto. Ngoja nikueleze, maana wewe ni fundi na utaelewa. Nilianza kazi kwa kufagia vipande vya vitambaa chini ya cherehani za watu. Sikushikwa mkono na mtu. Ufundi nilionao niliuiba kwa macho huku nimeinama na ufagio. Nikaona jambo moja: cherehani za kiwandani zikianza kuruka mishono, mafundi wote wanainua kichwa cha mashine, wanatoa trei ya mafuta, ndipo wanaifikia ndoano iliyo chini ya sindano na kuiweka sawa. Robo saa kila mashine. Kiwanda chenye mashine arobaini, kila moja ikiruka mara moja kwa wiki, ni saa kumi za watu kukaa wakitazamana. Mimi nikatengeneza ulimi unaopita kwenye tundu la bati la sindano, unaingia kwa kuinama, unazishika skrubu za ndoano bila kuinua kitu. Dakika mbili. Mashine arobaini, saa moja na dakika ishirini. Piga hesabu mwenyewe.

Hesabu hiyo ndiyo iliyonitoa kwenye ufagio. Na ndiyo aliyoondoka nayo mfukoni, akaenda kuitwa fundi mahali ambapo hakuna anayenijua.

Aliondoka na vitu viwili, Fundi. Plaizi yangu na binti yetu. Binti alikuwa na miaka kumi na sita, alimfuata kwa miguu yake mwenyewe, na hilo silizungumzi.

Usiirudishe bado. Niambie ameandika nini kwenye fomu yako, amejipa cheo gani, na anaitaka kwa haraka ya nini.

Mama Pindo


Karakana ya Dhamana
24 Machi

Mama Pindo,

Nimeyasoma yako yote. Hesabu nimeipiga, iko sawa.

Kwenye fomu amejiandika Fundi Mkuu wa Mashine. Maelezo yake ni mafupi: "Harakisheni tafadhali. Tarehe 2 Mei asubuhi kuna majaribio ya jengo jipya, na chombo hiki ndicho kila kitu." Nilimwandikia kwamba tunasubiri kauli ya mwenye mali. Amejibu kwa barua iliyofungwa, ya kwako, nayo nimeitia humu bila kuifungua.

Kwa upande wetu una njia tatu. Tunaweza kukurudishia wewe. Tunaweza kuitengeneza, tukauacha ulimi wako kama ulivyo, tukampelekea yeye. Au tunaweza kuirudisha yote katika hali ya kiwandani, kila ulimi mpya, na kuituma popote utakaposema. Mimi si hakimu. Kazi yangu ni kugonga pini. Ila pini yenyewe siigongi mpaka useme.

Fundi wa Meza ya Dhamana


Kiwandani
20 Machi

Mama Pindo, mama wa mwanangu,

Salaam nyingi. Najua mkono wako sasa hivi unatafuta kiberiti. Ngoja kwanza, soma, halafu uchome.

Nilidhani plaizi ni plaizi, unaituma mbovu inarudi nzima. Kumbe vyuma vina kumbukumbu kuliko watu! Niliandika "ni yangu" kwa mazoea tu. Mtu akikaa na kitu mfukoni muda wote huo, anasahau kilivyoingia.

Sikatai kwamba niliichukua. Siku ile nilitoka na hasira, ikawa mfukoni. Nikasema nitairudisha wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa aibu, aibu ikazoeleka. Imenilisha, sitakudanganya. Ilinisumbua, maana mimi ni mtu wa mkono wa kulia na ule ulimi wako una kiburi kama mwenyewe, lakini ilinilisha. Waliponiuliza ni nani aliyebuni kitu kile, nilikohoa. Nikakohoa mpaka wakaacha kuuliza.

Sasa nakuomba uwaruhusu waitengeneze, wairudishe huku kabla ya Mei. Nakuapia, safari hii si kwa ajili yangu. Kuna jambo ningekwambia wazi, ila nimefungwa mdomo na mtu ambaye nimemwahidi. Wewe ukiniuliza, nitajibu. Niulize tu, Mama Pindo. Neno moja linatosha.

Baba Pindo


2 Aprili

Kwako Baba Pindo,

Kiberiti ninacho, ila barua yako siichomi. Naitunza. Si kila siku mtu anapata maungamo yako kwa mwandiko wako.

Nimetafakari. Chombo kimetengenezwa ili kifanye kazi, hakifai kukaa kwenye droo ya karakana kwa sababu ya watu wawili waliochokana. Nimetoa kibali. Wataitengeneza yote, isibaki hata alama ya uchakavu, na wataituma kwako moja kwa moja kabla ya Mei. Usinishukuru.

Na hilo unalosema umefungwa mdomo, endelea kufungwa. Sikuulizi. Nimekuuliza mengi zamani na majibu yako nayajua, yana kikohozi ndani yake. Barua hizi ni za plaizi. Ukinitajia mtoto humu ndani hata kwa kunong'ona, kibali nakifuta siku hiyo hiyo. Mtoto ana mikono. Akitaka kuniandikia ataandika.

Nakutakia majaribio mema. Ufungue plaizi yako mbele ya wakubwa wako wote.

Mama Pindo


2 Aprili

Fundi,

Nachagua njia ya tatu. Fanya neno kwa neno: irudi kama ilivyotoka kiwandani. Springi mpya, pini mpya, isuguliwe mpaka ing'ae. Bisibisi ndogo weka mpya, yenye unene wake halali wa milimita mbili na ncha yake ya mraba. Kisha itume kwake. Ulimi wangu utie kwenye bahasha, uniletee mimi. Yeye usimweleze lolote zaidi ya haya: "Imetengenezwa kwa idhini ya mwenye mali."

Utasema mwanamke huyu ana roho ya korosho. Sema. Ila nionyeshe sheria yenu niliyoivunja. Sijamnyima chochote. Anapewa plaizi bora kuliko aliyoiiba, bure, kwa hisani yangu. Milimita mbili haziingii kwenye tundu la bati la nukta tisa ya milimita, hilo si kosa langu, ni kosa la hesabu.

Siku ya majaribio atasimama mbele ya watu, ataikunjua, ataona. Nataka aone pale pale, wakimtazama. Miaka sita nimekutana na mafundi wanaonisimulia habari za bwana mmoja hodari mahali fulani anayetengeneza cherehani bila kuiinua kichwa. Wananisimulia mimi! Nami nasema "kweli?" na kuendelea kushona.

Mama Pindo


Karakana ya Dhamana
14 Aprili

Mama Pindo,

Imefanyika kama ulivyoagiza, na imeshatumwa. Ulimi wako huu hapa kwenye bahasha.

Nikiri kwamba kabla ya kuutoa niliipeleka plaizi nyumbani kwanza. Mke wangu ana cherehani nzito aliyoinunua kiwanda kimoja kilipofungwa, nayo huruka mishono kila ikipata joto. Ulimi wako uliingia kwenye tundu kama ufunguo. Mke wangu akasema nikuulize kama unafundisha watu.

Nimekaa kwenye meza hii nywele zikabadilika rangi. Nimetengeneza vyombo vilivyokanyagwa na malori, vilivyotafunwa na mbwa, vilivyoanguka chooni. Hii ni mara yangu ya kwanza kutengeneza chombo ili kisifanye kazi. Ni halali, sina la kukulaumu. Nimeona tu nikwambie.

Fundi wa Meza ya Dhamana


Kiwandani
25 Aprili

Mama Pindo,

Imefika! Inang'aa kama jino la dhahabu. Nimeikunjua mataya tu, yanauma chuma kama mamba. Ndimi nyingine sikuzigusa, vidole vyangu vina grisi ya miaka na sitaki niwe wa kwanza kuichafua. Nimeifunga kwenye kitambaa safi mpaka siku yenyewe.

Sikutegemea. Nilijiandaa kwa matusi, nikaletewa hisani, na kwa kweli hisani imeniuma zaidi. Ulinikataza kusema jambo fulani, nami sisemi. Ila ungejua, Mama Pindo, ungepiga vigelegele huko uliko.

Ahsante, hata kama umekataa shukrani.

Baba Pindo


6 Mei

Kwako Baba Pindo,

Majaribio yameshapita. Nilingoja yapite ndipo niandike, nisijipunguzie utamu.

Bila shaka sasa unajua kwamba hisani ilikuwa na mwiba ndani. Ulimi wangu uko hapa mezani, nauegemeza kwenye kikombe ninapoandika. Nimeupaka mafuta. Umerudi nyumbani mwembamba vile vile, haukunizeekea kama wewe.

Sasa niambie ilikuwaje, na usiruke kitu, maana nimeilipia habari hii kwa miaka. Uliikunjua kwa madaha? Ulipoona ile ncha ya mraba ulifanya nini, ulikohoa? Wakubwa walikuwa wangapi? Kuna aliyecheka? Jasho lilianzia wapi, kwenye paji au kwapani? Na mashine je, uliinua kichwa chake kama mafundi wa kawaida, wewe usiyeinua?

Ulinifanya kuwa mtu asiyekuwepo. Kila ulipotengeneza mashine moja ulinifuta mara moja. Basi sasa umeonja, walau kwa asubuhi moja, kusimama mbele ya watu mikono mitupu.

Sikuachi na deni. Tuko sawa.

Mama Pindo


Kiwandani
15 Mei

Mama,

Shikamoo. Hiyo ni ya adabu. Yanayofuata ni yangu.

Barua yako ya tarehe sita aliipokea Baba. Aliisoma, akanipa, akatoka nje. Umesema kisirukwe kitu. Basi nakujibu mimi, kwa sababu aliyesimama mbele ya ile mashine si yeye. Ni mimi.

Jengo jipya lina mashine sitini na lilikuwa linatafuta fundi. Tulijitokeza watano, mwanamke peke yangu. Baba macho yake hayaoni tena tundu la sindano, ameshaambiwa mwaka huu ni wa mwisho. Kazi ya ndoano nimekuwa nikiifanya mimi, yeye anasimama pembeni anazungumza na wasimamizi wasiniangalie. Akasema, plaizi ya mama yako imelegea, itakubana vidole siku ya jaribio, tuitume kwanza ikatengenezwe. Aliyemfunga mdomo ni mimi. Nilitaka nishinde kwanza, kisha nikuandikie mwenyewe: Mama, nimekuwa fundi, nimeshinda kwa ulimi wako. Hiyo barua nilikuwa nimeshaianza.

Umeuliza walikuwa wangapi. Wakubwa sita, na wasichana wa mstari wangu walioomba ruhusa waje kunishangilia. Mashine ilikuwa imeharibiwa makusudi, unapewa dakika kumi. Watatu walionitangulia waliinua kichwa, mmoja akamaliza kwa dakika tisa na kitu. Mimi nikawaambia wote, kwa sauti, kwamba siinui kitu. Nilisema hivyo, Mama. Nikakunjua.

Haikuingia. Niligeuza mkono, haikuingia. Nikadhani nimekosea ulimi, nikakunjua kisu, nikakunjua msumeno, wakaanza kucheka. Mwisho nikainua kichwa cha mashine kama wao, trei ikateleza, mafuta yakanimwagikia sketi nzima na kuingia kwenye rundo la vitambaa vyeupe. Muda ukaisha ndoano ingali mkononi mwangu. Yule aliyemaliza kwa dakika tisa akasema, "Dada, rudi kwenye kola zako, huku utachafuka." Kazi amepewa yeye. Mimi nashona kola.

Jasho lilianzia mgongoni.

Unasema Baba alikuibia. Ni kweli. Niliiona plaizi mfukoni mwake siku ile, nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa na hasira na wewe kuliko yeye. Kila nilichoshona ulikifumua mbele ya wateja. "Hii nani kashona, mbuzi?" Wakacheka nawe ukacheka. Nilimfuata Baba kwa sababu yeye hajui kushona vizuri, hawezi kumfumua mtu.

Nililia siku mbili, nikachoka. Mimi ni mwanao, sina subira ya kulia. Nikatafuta tupa, nikaipiga ile bisibisi mpya mwenyewe. Sikuhitaji kipimo, zamani nilikaa sana chini ya meza yako nikikutazama ukipima kwa ukucha. Juzi imeingia. Dakika tatu na nusu. Mwezi wa nane wanatafuta fundi wa pili wa jengo lile lile, nami nitakuwepo.

Usiniletee ule wa zamani. Kaa nao, uupake mafuta.

Ninachotaka kwako ni sahihi. Nimewaandikia watu wa dhamana, wamenitumia fomu ya kuhamisha plaizi kutoka jina lako kwenda jina langu. Iko humu. Siku ikivunjika tena sitaki aulizwe mtu mwingine ulimi wangu ufanywe nini.

Na nikishinda, wataniuliza nani kanifundisha. Hapa kila fundi huulizwa hivyo, linaandikwa hata jina la mwalimu wake ukutani. Sitakohoa kama Baba. Nitasema wazi: hakuna.

Pindo


24 Mei

Pindo,

Marahaba.

Fomu nimeisaini na kuipeleka posta kwa mkono wangu, sikumtuma mtu. Fundi wa dhamana nimemwandikia kwamba plaizi ni yako na kila kilichomo ndani yake ni chako, na kwamba nisiulizwe tena.

Nilianza kukuandikia mengine, nikachana. Nakuandikia yatakayokufaa.

Dakika tatu na nusu ni nyingi. Skrubu za ndoano ni tatu na wewe, najua, unazilegeza zote, ndiyo maana ndoano inakuzungukia na unaanza upya kuitafuta sindano. Legeza mbili. Ya tatu iache iguse tu. Hapo utafika dakika mbili, na kwa vidole vyako vyembamba utashuka chini yake. Hili hata baba yako sikumwambia. Ukiupasha moto ulimi tena, upozee kwenye mafuta ya mashine. Ukiutumbukiza kwenye maji utaonekana mzima, halafu ukatike siku unayotazamwa.

Kola usizidharau. Anayeweza kugeuza ncha ya kola isivimbe hatetemeki mkono.

Baba yako mwambie sijamsamehe. Angeweza kuniandikia mstari mmoja tu: "Ni ya Pindo." Utasema nilimkataza. Ndiyo, nilimkataza. Tangu lini yule mtu ananitii?

Siku ya majaribio yenu nilifunga duka mapema. Nilikuwa najua tarehe, alishaiandika kwenye fomu. Nikaoga, nikavaa gauni langu zuri, nikakaa kibarazani nikawa nacheka peke yangu, majirani wakaniuliza kuna nini, nikasema kuna sherehe mahali. Nimepiga hesabu ya saa. Ulipokuwa umeshika ile ndoano mafuta yakikutiririka, mimi nilikuwa nacheka.

Kuhusu kukufumua mbele ya wateja: lile shati lako la mikono mirefu, nililosema kashona mbuzi, halikuwa na kasoro. Nililitambua hilo nilipofika katikati ya kulifumua, na watu walikuwa wanatazama, nikamalizia.

Wakikuuliza nani kakufundisha, sema hivyo hivyo ulivyopanga. Hakuna. Sema kwa sauti, usiinamishe kichwa, na jina langu lisiandikwe ukutani.

Ukishinda usihangaike kuniandikia. Mafundi wana midomo, nitasikia, nami nitasema "kweli?" na kuendelea kushona. Ila ukishindwa, niandikie siku hiyo hiyo.

Mama yako